Akisahau jioni, mchana ulikuwa na faida gani? Kazi za mikono na mikusanyiko kwa wanaoishi na dimenshia

Katika nyumba za kulea wazee hakukosekani mtu wa kuuliza swali hili. Mara ni mtoto wa mtu mwenye dimenshia, hali ya ubongo inayodhoofisha kumbukumbu na kufikiri, mara ni mhudumu aliyechoka: kuna faida gani kumkalisha mtu mezani akipaka rangi, ilhali jioni hatakumbuka kwamba alishika brashi? Wanaouliza hawana dharau. Wengi wao wanampenda sana huyo wanayemuulizia, na wanastahili jibu lenye uzito kuliko lile tulilolizoea, kwamba shughuli "zinawachangamsha wazee".

Tatizo la swali lenyewe ni kwamba linachukulia kumbukumbu kuwa kitu kimoja, ambacho kikiondoka kimeondoka chote.

Mwaka 1953 Henry Molaison, kijana wa Kimarekani aliyesumbuliwa na kifafa kikali, alifanyiwa upasuaji ulioondoa sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi matukio mapya, katika pande zote mbili za ubongo wake. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo hakuweza tena kuhifadhi tukio jipya. Mtu aliyezungumza naye akitoka chumbani na kurudi baada ya muda mfupi alipokewa kama mgeni. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora kwa kufuata umbo la nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomchanganya karibu kila anayeijaribu mara ya kwanza. Molaison aliirudia kwa siku tatu. Makosa yalizidi kupungua, na siku ya mwisho mkono ulikwenda vizuri kabisa, ingawa yeye mwenyewe aliamini hajawahi kuiona kazi hiyo maishani mwake. Mkono ulikuwa umejifunza bila mwenyewe kujua.

Molaison hakuwa na dimenshia, ila kisa chake kinaeleza mengi tunayoyaona kwa walio nayo. Ugonjwa wa Alzheimer, ambao kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani huchangia asilimia 60 hadi 70 ya dimenshia zote, kwa kawaida huanza kushambulia hipokampasi na maeneo ya jirani yake, yaani pale yanapohifadhiwa matukio mapya. Mazoea ya mikono yana makao mengine: sehemu za kina katikati ya ubongo, na serebela iliyoko nyuma, ambako ugonjwa huu huchelewa kufika. Ndiyo maana mama asiyeweza kusema alikula nini asubuhi anaweza kupokea uzi na sindano za kufumia na vidole vikaanza kazi kabla hajaulizwa kama anajua kufuma. Ukimuuliza, huenda atakujibu kwamba hajui.

Kuna jambo jingine linalobaki, nalo kwangu ndilo kiini cha mada hii yote. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha utafiti mdogo wa watu 17 wenye Alzheimer, wakiwalinganisha na wenzao wasio na ugonjwa. Waliwaonyesha vipande vya filamu za kuhuzunisha, na kwa wakati mwingine za kufurahisha. Muda mfupi baadaye wagonjwa walikuwa wamesahau sehemu kubwa ya walichokiona, wengine hawakukumbuka hata kama waliangalia filamu. Huzuni na furaha lakini ziliendelea kuwakaa moyoni, hadi nusu saa baadaye. Na wale waliosahau zaidi ndio ambao huzuni yao ilikawia kuondoka.

Kwa hiyo aliyepaka rangi mchana anaweza kufika jioni bila habari ya brashi, akiwa bado amebeba utulivu ulioletwa na brashi hiyo. Hajui umetoka wapi, lakini anao, na wanaomhudumia wanauona pale anapokubali kuoga bila ugomvi. Kanuni hiyo hiyo inakata upande wa pili, na hapa ndipo tunapowaumiza watu bila kujua. Aliyeaibishwa mbele ya wenzake kwa kuulizwa jina la mjukuu wake akashindwa kulitaja atasahau swali, na fedheha itabaki. Jioni atalia, na wahudumu wataandika kwamba alilia "bila sababu".

Anayeonekana kukataa

Mara nyingi husemwa: "Tulimwita kwenye shughuli, amekataa." Kabla ya kulikubali neno hilo, angalia ameitwaje. Kutojali, ile hali ya mtu kukaa kimya asitake lolote, ni miongoni mwa dalili zinazoonekana sana katika Alzheimer, na chanzo chake ni ubongo wenyewe. Sehemu za mbele za ubongo ndizo zinazotusaidia kuanzisha jambo: kutaka, kupanga hatua, kuinuka. Zikidhoofika, mtu anaweza kuwa na uwezo wa kufanya kazi na bado akashindwa kuianza. Ukimsimamia mlangoni ukamuuliza, "Unapenda kuja kuchora leo?" umemtaka afikirie kitu ambacho hakipo mbele ya macho yake, akipime, aamue, kisha akupe jibu. "Hapana" ndiyo njia fupi ya kujitoa kwenye mtihani huo.

Jaribu kuanza na kitu badala ya swali. Keti karibu naye, anza kukunja vitambaa, mwekee kimoja magotini. Sema, "Mama, naomba unishikie pindo hili." Wengi watashika. Mkono ukishaanza, kazi yenyewe humvuta. Kwa ambaye ugonjwa umesonga mbele, unaweza kuweka kiganja chako chini ya chake mkaisogeza brashi pamoja, mkono wake ukiwa juu ili aweze kuuondoa wakati wowote. Mpangilio huo wa mikono ni wa makusudi: ukiushika mkono wake kwa juu umemkamata, na atauvuta.

Na akiondoa mkono, akageuza uso, akasukuma karatasi, hapo amekataa kweli. Basi. Ana haki ya kutochora kama alivyokuwa nayo zamani. Kuna watu ambao maisha yao yote hawakupenda makundi wala ufundi wa mikono, na dimenshia haiwageuzi kuwa wapenzi wa kolaji, zile picha za kubandika vipande.

Kazi inayomfaa mtu huyu

Chukua mfano wa fundi cherehani mstaafu. Mchana kutwa anazunguka korido, akifika kwenye meza anavuta kitambaa cha meza, anakigeuza, anakwangua ukingo kwa kucha. Vikombe vinaanguka. Wahudumu wanamwona msumbufu. Anayejua historia yake ataona fundi anayekagua pindo. Mpe mkebe wenye futikamba, chaki ya fundi, na mapande ya vitambaa vyenye uzito na mguso tofauti: pamba nzito, hariri laini, sufu. Atapima. Atapiga mstari. Huenda vipimo vyake havitakuwa na maana kwako, na hakuna nguo itakayoshonwa. Lakini mgongo wake utanyooka, kwa sababu kwa dakika ishirini amerudi kuwa mtu anayejua jambo.

Ndiyo maana sehemu zinazofanya vizuri huanza kwa kuandika historia ya mtu: alifanya kazi gani, alitumia mkono upi, alipenda mapambo au hesabu, alikuwa wa kuamka mapema au wa kukesha. Familia ndiyo yenye habari hizi, na inafaa kuulizwa kwa undani. "Alipenda bustani" haitoshi. Alipanda maua au mboga? Alikuwa mtu wa kupalilia au wa kukaa akitazama?

Baada ya hapo ni kuivunja kazi vipandevipande. Kufuma shali zima ni safari ndefu. Kuviringisha uzi kuwa donge ni hatua moja inayojirudia, na ina mwisho unaoonekana. Kupanga vifungo kwa rangi, kukata maua kwa vyombo, kusugua mbao kwa msasa, kukanda udongo, kuchana picha kwenye magazeti na kuzibandika: kila moja inaweza kusimama peke yake kama kazi kamili. Mwanasaikolojia Cameron Camp wa Marekani alichukua mbinu za Maria Montessori, zilizobuniwa kwa ajili ya watoto, akazitohoa kwa watu wenye dimenshia, na alichobeba hasa ni hilo: hatua moja kwa wakati, vifaa halisi vya kushikika, maonyesho kwa vitendo kuliko maelezo marefu, na kazi iliyopangwa hivi kwamba ni vigumu kuikosea.

Hebu tuiangalie meza yenyewe, maana kushindwa kwingi kunatokea hapo na lawama anabebeshwa mgonjwa. Karatasi nyeupe juu ya meza nyeupe haionekani vizuri kwa jicho la mzee, na Alzheimer yenyewe huathiri uwezo wa kutofautisha vitu na mandharinyuma yake. Tandika kitambaa cheusi au cha buluu chini ya karatasi, mara ukingo unajitokeza na mtu anajua achore wapi. Weka rangi tatu, usiweke kumi na mbili. Brashi iwe na mpini mnene, au ufungiwe kitambaa ili uwe mnene, kwa vidole vyenye baridi yabisi. Ondoa kila kisichohitajika, maana sanduku la leso lililosahauliwa mezani litageuka kuwa sehemu ya shughuli. Zima televisheni. Maji ya kusafishia brashi yasiwekwe kwenye kikombe au glasi ya kunywea, kwa sababu kikombe kinasema "kunywa" na mtu atakunywa. Tumia chombo kizito kisichofanana na vya mezani. Shanga ndogo zinazong'aa zinafanana na peremende, kwa hiyo ziepuke kwa yeyote anayepeleka vitu mdomoni. Rangi na gundi ziwe zisizo na sumu, zile zinazotengenezwa kwa matumizi ya shuleni. Sindano na mikasi huhesabiwa kabla na baada, bila kelele, bila kumfanya mtu ajione mshukiwa.

Kinachotengenezwa kwa ajili ya watoto ni suala jingine. Rangi salama ni sawa. Vitabu vya kupaka rangi vyenye katuni za wanyama si sawa kwa mtu aliyelea watoto sita au aliyeongoza ofisi. Hata asiyeweza tena kusema, uso wake husema. Picha ya jengo, ua lililochorwa kwa ustadi, au nakshi, inafanya kazi ile ile bila kumshusha. Tom Kitwood wa Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, alilitaja kumtendea mtu mzima kama mtoto kuwa miongoni mwa mambo yanayommomonyoa mgonjwa pole pole, hata pale wanaoyatenda wana nia njema. Alihesabu mahitaji ya mtu mwenye dimenshia kuwa ni faraja, uhusiano wa karibu, kujumuishwa, shughuli na utambulisho, na upendo katikati ya yote. Shughuli iko kwenye orodha hiyo pamoja na mengine, kama hitaji la kila siku. Haikuwekwa pembeni kuwa burudani ya Ijumaa.

Kwa walio katika hatua za mwisho, kazi inageuka kuwa mguso. Vipo vifuko vinavyofumwa kwa uzi, mtu akaingiza mikono pande zote mbili, vikiwa vimeshonewa vifungo, zipu, riboni na vishada. Vidole visivyotulia vinapata pa kwenda. Vishonwe imara, vikaguliwe mara kwa mara, na kila mtu awe na chake.

Kuwazia badala ya kukumbuka

Maneno mawili yanayoharibu mikusanyiko mingi ni "unakumbuka" na "huyu nani". Yanaonekana ya upole, lakini ni mtihani, na aliyeulizwa anajua kuwa kuna jibu moja sahihi na yeye hanalo.

Mwaka 1998 Anne Basting, msomi wa sanaa za maonyesho nchini Marekani, alianzisha mradi aliouita TimeSlips uliogeuza mambo. Kundi linaonyeshwa picha yenye ajabu kidogo, na mwongozaji anauliza maswali ambayo hayana jibu la makosa: tumwite nani huyu? Anaelekea wapi? Kunanukiaje hapo? Kila jibu linaandikwa, hata neno moja, hata sauti isiyo neno, kisha hadithi nzima inasomwa kwa kundi. Mwongozaji hasahihishi. Mtu mmoja akisema tembo yuko kanisani na mwingine akasema yuko baharini, hadithi inabeba vyote viwili. Mzigo wa kukumbuka unaondolewa, na kinachobaki ni mawazo, vichekesho na kusikilizwa. Wahudumu waliozoea kumwona mtu kama orodha ya mapungufu husikia kwa mara ya kwanza mzaha wake.

Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York lilifuata njia inayofanana na hiyo lilipoanzisha matembezi maalumu kwa watu wenye Alzheimer pamoja na jamaa zao katikati ya miaka ya 2000. Mbele ya mchoro, aliye mgonjwa na asiye mgonjwa wanaanzia mahali pamoja, kwani hakuna kati yao anayetakiwa kukumbuka chochote. Wanatazama na kusema wanachokiona.

Watu pamoja

Kwa upande wa makundi, utaratibu uliopimwa kuliko mingine ni ule unaoitwa tiba ya kuchangamsha utambuzi. Aimee Spector na wenzake nchini Uingereza waliujaribu kwa watu 201 na kuchapisha matokeo mwaka 2003: vikao 14, viwili kwa wiki, kila kimoja kama dakika 45, vyenye mada kama sauti, utoto, habari za siku, maneno, au kutumia pesa. Waliohudhuria walipata nafuu ndogo lakini ya wazi katika kufikiri, na hali ya maisha yao ikawa bora kuliko ya wasiohudhuria. Mwongozo wa kitabibu wa Uingereza sasa unaupendekeza kwa dimenshia ya kiwango chepesi hadi cha kati. Kinachonivutia ni kwamba vikao hivyo vinatafuta maoni kuliko ukweli. Kati ya nguo hizi mbili, ipi inapendeza zaidi, na kwa nini? Mtu yeyote anaweza kuwa na maoni.

Kundi liwe dogo, watu watano hadi wanane, kwenye duara, wakionana nyuso. Kabla ya kusema kwamba fulani hashiriki, hakikisha miwani yake ni safi na ni yake kweli, na kwamba kifaa chake cha kusaidia usikivu kina betri. Ni ajabu jinsi "ugonjwa unavyozidi" mara nyingi kwa sababu ya betri iliyokwisha.

Wimbo hufika ambako maneno hayafiki, hasa nyimbo ambazo mtu alizijua ujanani, na asiyeweza kutunga sentensi anaweza kuimba ubeti mzima. Lakini chagua kwa mtu, maana wimbo wa msibani unajulikana sana pia.

Mikusanyiko si ya wagonjwa peke yao. Mwaka 1997 mwanasaikolojia Bère Miesen alianzisha nchini Uholanzi mikutano iliyokuja kuitwa Alzheimer Café, ambapo wagonjwa, jamaa na wataalamu hukaa pamoja kwa kinywaji, mazungumzo na muziki, na ugonjwa unazungumzwa wazi bila kunong'ona. Mtindo huo umesambaa nchi nyingi. Wanaofaidika wakati mwingine ni wake na waume wa wagonjwa, ambao marafiki wameacha kuwatembelea.

Yasiyopaswa kuahidiwa

Hakuna kazi ya mikono inayozuia ugonjwa usiendelee. Anayemwambia mwana wa mgonjwa kwamba kufuma kutamrejeshea mama yake anamdanganya mtu aliye katika hali ya kudanganyika kwa urahisi. Jopo la Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kupitia na kupima tafiti za afya, lilipokusanya mwaka 2018 tafiti zilizofanywa kwa viwango vya juu kuhusu tiba ya sanaa kwa dimenshia, lilipata mbili tu, zenye washiriki 60 kwa jumla, na halikuweza kutoa hukumu. Kwa shughuli zinazochaguliwa kulingana na mtu binafsi katika nyumba za malezi, ushahidi ni mwingi kidogo, nao unaelekea kuonyesha kwamba fadhaa na ukaidi hupungua kwa kiasi.

Kiasi hicho kinaweza kuonekana kidogo mpaka ukilinganishe na njia nyingine. Kwa muda mrefu fadhaa imetulizwa kwa dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya magonjwa makali ya akili kama skizofrenia, na mwaka 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba baadhi ya dawa hizo huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia. Zipo hali zinazozihitaji, na huo ni uamuzi wa daktari. Lakini mtu anayepiga kelele saa kumi jioni kwa sababu amekaa tangu asubuhi bila chochote mikononi hana upungufu wa dawa.

Pia dimenshia si moja. Katika ile ya vijiwili vya Lewy, yaani vidonge vya protini vinavyojikusanya ndani ya seli za ubongo, uwezo hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na mtu huweza kuona visivyokuwepo, kwa hiyo vitambaa vyenye michoro mingi vinaweza kumtisha. Katika ile ya sehemu za mbele na pembeni za ubongo, lugha au tabia ndiyo hutangulia kuharibika, huku macho na mikono vikibaki imara. Bruce Miller na wenzake waliripoti katika miaka ya 1990 wagonjwa wa aina hiyo walioanza kuchora kwa bidii wakati lugha ikiwatoka, wengine bila kuwa wasanii kabla. Mchoraji William Utermohlen, Mmarekani aliyeishi London, aligunduliwa kuwa na Alzheimer mwaka 1995 na aliendelea kuchora uso wake kwa miaka kadhaa. Vipimo vya uso vilizidi kupotea, lakini hakuna anayetazama picha hizo akadhani hakukuwa na mtu ndani yake.

Kazi ikikamilika, usiisahihishe. Jicho lililochorwa pembeni libaki pembeni, na anayeona haya kuitundika picha ya namna hiyo ajiulize anaitundika kwa ajili ya nani. Mwombe mwenyewe ruhusa kabla ya kuiweka ukutani au kuipiga picha ya kutumwa kwa familia. Akisema si yake, usibishane naye. Itundike tu kama ameridhia, na jina lake chini.

Kisha andika. Daftari la shughuli katika nyumba nyingi linasema "alihudhuria" au "hakuhudhuria", na maneno hayo hayamsaidii mhudumu wa zamu ya Jumapili ambaye hajawahi kukutana na mtu huyu. Mwandikie hivi: alikanda udongo dakika kumi na tano, mkono wa kushoto, alitabasamu ulipokuwa na joto, alichoka televisheni ilipowashwa, hakupenda gundi vidoleni, jioni alikula vizuri.